Diwani

Leo Jumamosi dalali amepima, kwa mizani ya parachichi,
vitabu vya Diwani Ambilikile Mwasubila.
Kilo mia nne na kumi na mbili,
sanduku lililoota ukungu halikuhesabiwa.

Orodha niliiandika mimi.
Siku tisa nimekaa kwenye chumba chake, Tukuyu,
mvua ikigonga bati kama mtu anayedai chake.
Mvua ya huku haimalizwi na mlango:
hupenya kwenye karatasi, hulala humo, huzaa.
Ndiyo maana aliweka jiko la mkaa chini ya rafu
akavigeuza vitabu upande huu na huu
kama maharage yanayoanikwa.
Mkewe akasema, watoto wanakohoa.
Akajibu, watoto wana mablanketi.
Sisemi alikuwa mtu mwema.

Nimeandika:
Kamusi moja, imeliwa na mchwa kuanzia K hadi M,
kwa hiyo haina kura, haina kiti,
haina mauti.
Kitabu cha kutunza ng'ombe, kina damu kidogo.
Nyimbo za kanisani, nakala kumi na saba. Kwa nini kumi na saba?
Kurasa zisizo na jalada, zimenyooshwa kwa pasi,
zina mafuta ya karanga.
Hizi nazikumbuka. Meno yalikuwa yamemwisha
na bado alinunua karanga pale stendi kila jioni
ili apate karatasi iliyozifunga.
Karanga tulikula sisi.

Mihula mitatu alikaa kwenye baraza la halmashauri.
Kumbukumbu za vikao zinamtaja mara mbili.
Mara ya kwanza aliomba kalavati.
Mara ya pili, chumba kimoja cha vitabu, na taa.
"Hoja imepokelewa," karani aliandika.
Ilipokelewa kama mgeni
anayepokelewa mzigo, kisha akaachwa uani na mvua.

Uchaguzi wa nne, Mwakajila aligawa chumvi na kanga.
Yeye alikwenda na atlasi.
Akawaonyesha wazee wilaya yao ilivyo,
ndogo kama kiroboto kwenye ngozi ya dunia.
Wazee hawakupenda.
Kura themanini na moja. Alirudi nyumbani kwa miguu,
atlasi kichwani, imefunikwa jani la mgomba;
yeye mwenyewe hakujifunika.

Lugha yetu ina neno moja tu
kwa mtu aliyechaguliwa akae barazani
na kwa mashairi yaliyokusanywa yakae pamoja.
Watu wa kata walitaka wa kwanza.
Nadhani siku zote walimtumia yule wa pili
na hakuna aliyemfungua.

Gwakisa, mwanawe, anataka chumba:
parachichi zinasubiri, lori linakuja alfajiri.
Simlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa anakohoa.

Kitu kimoja sikukiweka kwenye orodha.
Daftari la walioazima, limefungwa kwa uzi wa gunia.
Miaka thelathini na moja ya mwandiko wake ulioinama
kama mtu anayepanda mlima:
jina, kitabu, tarehe, na pembeni "karudisha",
au pembeni patupu.
Nimehesabu patupu. Mia mbili na sita.
Mia mbili na sita vimo majumbani,
Masoko, Ushirika, Katumba, sijui wapi tena,
chini ya magodoro, juu ya makabati,
kimoja labda kinazuia mlango usipige.
Hakuna mizani itakayovipata.

Ukurasa wa tisa kuna jina langu.
Tumpale, darasa la nne. Kitabu cha nyota.
Pembeni patupu, halafu kwa penseli, baadaye,
wino ulipokuwa umemwishia au hasira:
"Huyu mwacheni, bado anasoma."

Ndaga fijo, Diwani.
Kile kitabu nilikipoteza mwaka uleule,
mtoni, nikifua.
Nimekaa nacho daftari mapajani. Dalali ananiita nisaini.
Natafuta penseli.