Siruhusiwi Kushauri

Mahakama yetu ya kaunti ina madirisha matatu.
La kwanza ni la faini, la pili leseni za ndoa,
la tatu ni langu. Watu huanzia la pili;
miaka ikipita husogea hatua nne kulia
wakanikuta mimi, miwani yangu na muhuri.

Leo, Machi, theluji ya Nebraska imegeuka tope,
ameingia Leona Kudrna na buti za mumewe.
Najua ni za mumewe: zinamtangulia kila hatua.
Akaweka kaunta fomu aliyoijaza kwa penseli.
Penseli haipokelewi, nikamwambia, nikampa kalamu.
Akaandika upya yote, jina la Wendell akaliacha mwisho,
taratibu, kama mtu akanyagaye barafu asiyoiamini.

Akauliza: hapa penye *sababu*, niandike nini?

Siruhusiwi kushauri. Imebandikwa ukutani
kwa herufi kubwa kuliko jina la jaji.
Naruhusiwa kusema ada ni kiasi gani,
nakala ngapi, na msalani ni mlango upi.
Basi nikasema ada. Akafungua bahasha
ya duka la mbegu, akahesabu noti za dola tano tano.
Pesa ya mayai. Ilinukia banda.

Halafu, risiti ikiwa bado mkononi mwangu:
"Unaweza kunitafutia na jingine? La zamani.
Sedlacek. Albina. Mama yangu.
Shangazi aliteleza ulimi mazishini,
akaurudisha upesi nyuma ya meno."

Nikashuka orofa ya chini, penye bomba linalokoroma.
Vitabu vya faharasa vimechunika migongo,
na makarani wa kale waliandika S kama ndoana.
Sedlacek dhidi ya Sedlacek, Oktoba, 1968.
Jalada jembamba: karatasi nne, pini iliyoshika kutu.

Karatasi ya tatu, vitu alivyoomba apewe:
Cherehani.
Friza.
Kuku wote, isipokuwa jogoo.
Nusu ya mahindi yaliyo bado shambani.
Mtoto mmoja, wa kike, miaka sita.

Karatasi ya nne ilikuwa na mstari mmoja tu:
*Mdai hakufika. Shauri limefutwa.*

Leona alisoma amesimama, ingawa benchi lipo.
Kidole chake kilikwama kwenye mstari wa mtoto.
"Oktoba ile," akasema, "nilikuwa na surua.
Nakumbuka gari likiwashwa. Likazimwa.
Nakumbuka amevaa kofia ya kanisani, siku ya Jumanne,
akaketi ukingoni mwa kitanda changu
bila kuivua, mpaka giza likaingia."

Nilitaka kumwambia — sijui nini.
Kwamba surua haina mkosaji.
Kwamba kila mwezi nafunga majalada ya wasiofika,
na simjui hata mmoja kama alibaki kwa mapenzi,
au kwa woga, au kwa gari lililokataa kuwaka,
au kwa paji la uso la mtoto, linachoma.
Siruhusiwi kushauri.
Nikasema: nakala ni senti hamsini kila ukurasa.

Akataka wa tatu peke yake.
Nikaupiga muhuri wa *nakala halisi*;
mkono ulinicheza, herufi ya mwisho haikutoka.
Hakulalamika. Aliukunja mara nne,
akautia kwenye bahasha ya mbegu, mahali pa zile noti.

Mlangoni akageuka. Nikadhani atadai fomu yake.
Wengi huidai, kabla hata hawajafika kwenye gari.
"Cherehani ninayo," akasema. "Ingali inashona."
Buti zikamtangulia kwenye tope.

Shauri lake litasikilizwa Mei, Jumanne, saa tatu asubuhi.
Nimeandika kitabuni, kwa wino.
Nimeandika pia, jambo nisilolifanya,
kwenye kalenda yangu ya jikoni,
chini ya *kununua maziwa*,
bila jina.