Mafuta Kiganjani

Ermelinda Levicán aliingia dukani, mjini Cochrane,
mfuko wa koti umevimba:
kijiti cha mti wa lenga kilicholala mvuani,
kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe,
na kikopo cha mafuta ya nguruwe.
Nje, upepo wa Patagonia ulikuwa ukihesabu mabati.

Kesho kutwa atapandisha ng'ombe sitini na mmoja
kwenye malisho ya kiangazi, siku tatu kwa farasi.
Miaka yote alipanda kaka yake, Nolberto.
Mwaka huu Nolberto ana nyonga iliyofungwa vyuma,
amelala, anatoa amri.
"Chukua changu," alimwambia.
Chake kirefu kama mkono wa mtoto,
mpini wa fedha, maua yamechorwa:
kisu cha kwendea harusi.
Kukikatia kitunguu ni kumwita askofu aje afagie ua.

Cárcamo muuza duka akafungua kabati la kioo.
Alianza na chenye meno ya msumeno mgongoni,
dira kitakoni, na ndani ya mpini
shimo la kutunzia njiti za kiberiti.
"Mpini wenye tumbo tupu," akasema Ermelinda.
"Nikikigonga juu ya gogo nitabaki na vipande viwili,
na dira ya kunionyesha nilikopotelea."

Cha kukunja akakikunjua, akakikunja.
"Goti hili litaingia mchanga.
Litaugua kabla ya langu."

Cha tatu kilikuwa kinene kama jembe.
Hicho hakikati, kinabembeleza.

Ndipo alipofungua kikopo, akajipaka kiganja cha kushoto
(yeye ni wa shoto)
mpaka vidole vikang'aa kama samaki.
"Bidhaa yangu, mama!"
"Huko juu sitakuwa na mikono ya dukani.
Nitakuwa na mikono ya mvua, mikono ya damu ya ndama,
mikono ya baridi isiyojua ilichokishika."
Akashika cha nne, akasukuma,
kiganja kikateleza kuelekea makali.
Hapana.
Cha tano, vivyo hivyo.

Cha sita kilikuwa droo ya chini, kimeviringwa gazeti.
Mpini wa mti wa nyire, mnene katikati.
Makali urefu wa kiganja, hayazidi.
Chuma cha kawaida.
Alikisukuma kwa uzito wake wote, nacho kikatulia.
Kikachonga lenga bichi, ubanzi ukatoka mmoja, mrefu,
ukajisokota kaunta kama nywele za mtoto.
Kikapita kwenye ngozi bila neno.
"Hicho hushika kutu," Cárcamo akaonya,
mkweli hata akiuza,
"ukikisahau usiku mmoja tu."
"Nani hashiki kutu akisahauliwa?"

Ala yake ilikuwa ya mkono wa kulia. Akaiacha pale pale.
Usiku ule akashona nyingine
kwa ulimi wa buti kuukuu la Nolberto,
naye kitandani akilalamika
kwamba buti lilikuwa bado zima.

Wiki ya pili huko juu, mvua ya siku nne.
Kuni zote zililewa maji.
Akaegesha kisu juu ya gogo,
akapiga mgongo wake kwa rungu, taratibu, tena, tena,
gogo likafunguka,
na moyo wake mkavu, rangi ya mkate.
Akachonga vibanzi mpaka moto ukakubali.
Akachemsha maji ya mate
(ndivyo waiitavyo chai yao chungu, usicheke),
kisha mafuta ya mwisho ya kikopo
akakipaka kisu,
na midomo yake iliyopasuka akailamba tu.

Aliposhuka mwezi Machi
Nolberto alikuwa mlangoni na mkongojo.
Ng'ombe hakuwauliza.
"Lete nikione."
Makali yameingia weusi wa vitunguu,
ncha imepungua nusu punje ya mchele.
"Kimekonda," alisema.
"Tumekonda," alijibu Ermelinda,
akakichukua, kwa kushoto,
akaenda kukata mkate.