Korosho za Karatasi

Usiku tuliloweka magazeti,
daftari za darasa la nne zenye kosa kila mstari,
trei mbili za mayai, na juu kabisa
stakabadhi za baba za msimu ule
ambao nyumbani kwetu hautajwi.

Asubuhi ndoo ilikuwa imevimba.
Somoe akazamisha mkono mpaka kiwiko:
"Shangazi, inanuka kama shule."
Kweli. Ilinuka wino, chaki na mvua ya Januari.

Kinu kikapewa kazi ngeni:
badala ya kisamvu, habari za mwaka juzi;
badala ya mihogo, hesabu za kugawanya.
Mama akatoka jikoni na mwiko wake.
"Unga wangu wa muhogo ndio mmeufanya gundi?
Mnapika chakula ili kisilike?"
Tukasema ni vikombe viwili tu.
Akachungulia kopo. Vilikuwa vitatu.
Hakusema kitu, ila alivuta kigoda.

Tulianza na papai, maana papai husamehe:
puto lililobaki harusini kwa Mwanahawa,
karatasi, gundi, karatasi, gundi,
likishakauka unachoma sindano, pwaa!
na pumzi uliyoipuliza juzi inakupita usoni.

Kisha pweza. Waya wa banda la kuku,
minyiri minane. Somoe alitengeneza tisa.
"Huyu ni pweza wa Kitangari," akasema,
"bahari hajaiona, nani atamhesabu?"
Vikombe vya trei tukavikata vidogovidogo,
tukambandika navyo, vya kunyonyea.

Ming'oko tuliiviringisha kwa viganja,
mirefu, myembamba, yenye magoti,
tukaipaka manjano na majivu
hadi ukaitazama ukaona mvuke.
Ugali haukutusumbua:
ulikuwa ugali tangu mwanzo.

Baba anapita. Baba anapita tena.
Babu yake alichonga mpingo;
mikono yake yeye iliishia kwenye mizani ya chama.
"Mti unaupunguza mpaka kitu kibaki.
Nyie mnaongeza tu. Mwisho mtaujuaje?"
"Gundi ikiisha, babu."

Niliporudi kutoka kisimani nilimkuta amekaa,
vidole vyeupe hadi viunoni mwake,
anafinyanga korosho.
Hazitazami. Anaikunja moja, anaidondosha kwenye ungo,
anaikunja nyingine, kila moja na mgongo wake.
Ungo ulijaa. Hakuna aliyemwambia aache.

Siku tatu tuliomba jua.
Kuku alidonoa wali, akaondoka ameudhika.
Rangi nyekundu tuliichota kwenye debe la bati la jirani,
nyeusi tukatoa kwenye sufuria.

Ijumaa akaja Mjomba Likotiko kutoka Nachingwea,
njaa imemtangulia mlangoni.
Tukamnawisha. Tukafunua kawa.
Akasema bismillahi kwa sauti,
akachagua mng'oko mnene kuliko yote,
akauma.

Kimya.
Hata mbuzi wa uani alisubiri.
Mjomba akatafuna, akatafuna, akameza mate.
"Umeiva," akasema,
"ila chumvi haijakolea."

Mama ndiye aliyeanza, yule yule wa vikombe vitatu;
alicheka mpaka akashika ukuta,
khanga ikamponyoka, akaiacha.
Ndipo akatoa samaki wa kweli na muhogo wa kweli,
na Mjomba akabonyeza kila kipande kabla ya kula.

Usiku, tukikusanya karamu yetu kwenye boksi,
baba aliinua korosho moja kwenye mwanga wa taa.
Chini yake rangi haikufika. Palisomeka:
*kilo 43, daraja la*
na mkunjo ukawa umemeza mengine.
Akaigeuza. Akaigeuza tena.
"Hizi," akasema, "angalau zimerudi nyumbani."

Somoe akapiga mwayo: kesho tufanye nazi.
Nikamwambia karatasi zimekwisha.

Baba akaingia chumbani.
Tukasikia sanduku la bati likifunguka.