Jozi Sita za Viti

Bwana aliyetoka Lyon na daftari lake
anasema magari yalikuwa matano.
Moja liliungua mashindanoni Vila Real,
moja liko Ubelgiji chini ya turubai,
mawili ni vipande, boneti huku, usukani kule,
na la tano ndilo hili alilolileta uani kwangu,
jekundu, linanguruma kama paka aliyeshiba dagaa.
Matano, anasema. Anapiga mstari chini ya neno.

Mimi nilishona viti jozi sita.

Águeda, mwaka hamsini na tatu, mji wa baiskeli,
kila mlango na mtu wake ananyoosha spoku.
Adelino Quaresma, shemeji yangu,
alikuwa fundi wa matangi ya kunyunyizia mizabibu dawa
hadi alipoona gari la kigeni likikata njia ya Coimbra.
Siku tatu hakulala.
Mchoro hakuwa nao. Alichora kwa chaki sakafuni mwa ghala,
ubavu mmoja tu. Wa pili, alisema, utaufuata wa kwanza
kama mke anavyomfuata...
Nikamkata jicho. Hakumaliza.
Ndiyo maana hakuna hata gari moja lililo sawa pande zote.
Pima, nikamwambia bwana wa Lyon.
Akapima. Kidole kimoja na nusu.
Akaandika hilo pia, kwa furaha, kama aliyeokota pete.

Injini ilikuwa ya teksi iliyopinduka Aveiro.
Taa za mbele, za trekta.
Bati la alumini tulililaza juu ya mfuko wa mchanga
na Evaristo akalipiga kwa nyundo ya mzeituni,
ngo, ngo, ngo, mtaa mzima ukimlaani,
yeye pekee hasikii, kiziwi tangu utotoni.
Alisikiliza kwa kiganja:
anapiga, anapapasa, anapiga.
Alumini haitaki pupa. Ukiilazimisha, inapasuka.
Ukiibembeleza, inakuwa bega la farasi.

Mimi nilipewa ngozi, cherehani ya miguu,
uzi wa washona viatu,
na huu mkono wa kushoto
ambao masista walinifunga kwa kamba shuleni, wakachoka wao.
Mshono wangu hulalia upande usiolaliwa na wengine.

Gari moja, miezi mitano.
Bei haikurudisha hata pesa ya rangi.
Dada yangu Hermínia alihesabu kwa maharagwe,
bakuli la yaliyoingia, bakuli la yaliyotoka,
na lile la kwanza, usiku mmoja, alilichukua akalipika.
Tulikula faida yote. Ilikosa chumvi.

La sita lilipata bodi, milango, viti.
Injini halikupata.
Jumapili Evaristo aliketi ndani yake ghalani,
mkono mlangoni, macho mbele,
akipita sijui miji gani.
Wadai walipokuja na karatasi zao
aliomba usiku mmoja, kwa vidole.
Asubuhi hapakuwa na gari.
Palikuwa na matangi kumi na mawili ya kubeba mgongoni,
safi, mabega yake ya farasi,
na mwaka ule mizabibu ya bonde zima
ilinyunyiziwa dawa na gari la mashindano.

Bwana wa Lyon ananiomba nikague lake, kama ni la kweli.
Nainamisha kichwa, napitisha kucha kwenye mshono wa kiti.
Unalala upande wangu.
Ndiyo, namwambia. Ni letu.
Macho yanamlenga machozi, mtu mzima,
na ananifuata jikoni kuandika.

Namimina kahawa.
Amekaa vizuri, ameegemea, daftari gotini,
ngozi imechakaa lakini inambeba.
Kiti cha pili kiko dirishani, kimelaliwa na paka.
Matano, ananisomea tena kwa sauti, ili ahakikishe.

Nauliza kama anatumia sukari.