Sina, Maana Yake

Ufunguo wa chumba ninao mimi,
juu ya duka la mapazia, Ghubra.
Aliyekuja kuutaka ni mwanamke mrefu, Maarika,
mashavu mekundu kama ametoka kuchochea tanuri.
Kwa Kiarabu cha kuokoteza akasema:
Jumanne usiku, tunataka kuimba.
Nyinyi nani?
Waestonia.
Nikadhani ni kampuni.

Akanihesabia wote anaowajua Maskati,
na vidole viwili vikabaki:
yeye mwenyewe; Urve wa maabara ya meno;
Heldur, anayefundisha watu kuzamia;
mtu na mkewe wauza madirisha, Sibu;
Pilleriin, yaya;
kijana wa mahesabu, haimbi, huleta mkate mweusi;
na Kaarel, mwenye sauti nyembamba ya kiume,
ambaye wiki mbili yuko visimani Marmul
na wiki mbili yuko nasi.
Basi kwaya ikawa na mwezi wake:
Jumanne mbili kamili, Jumanne mbili pengo.
Penye pengo waliacha kimya cha Kaarel,
wakakihesabu kwa vichwa,
kisha wakaendelea.

Kinanda hawakuwa nacho.
Kiyoyozi changu kibovu
miaka kumi na moja kinalia sauti ileile.
Maarika alikitegea sikio kama daktari,
akainua kidole: hii.
Wakaanzia hapo.
Fundi Shaji alipokuja kukitengeneza
nikampa chai, nikamrudisha.

Mimi hukaa ngazini na chupa yangu ya kahawa.
Nawajua watu wa namna hii.
Tulipofika hapa kutoka Wete nilikuwa na miaka tisa,
Kiarabu sina, viatu vya shule sina,
na mama kila Alhamisi akenda kwa Bi Nunu,
eti kunywa uji.
Uji gani!
Walikwenda kusema "ati" na "hebu" na "mwenzangu we"
mpaka midomo ikarudi mahali pake.

Siku moja nikauliza: hii kodu ni nini,
mbona hamwishi kuitaja?
Nyumbani, akasema Urve.
Nilicheka, kahawa ikanimwagikia.
Kwetu kodi ndiyo inayokugongea mlango alfajiri.
Na nyinyi, nikawaambia,
mna miezi miwili hamjanilipa kodu.

Lakini neno lililonikalia kooni ni jingine.
Kila ubeti: sina, sina.
Nikasema moyoni, maskini, hawana nini hawa?
Mishahara wanayo, magari wanayo.
Pilleriin akanigusa kifuani kwa kidole:
sina ni wewe.
Usiku ule sikulala mapema.

Kisha Julai, Jumanne ya pengo,
umeme ukakatika katikati ya ubeti.
Kiyoyozi kikakoroma, kikafa.
Gizani sauti zikatetereka,
meza ya miguu mitatu,
kila mtu akimtafuta mwenzake asimpate.
Wallahi sikukusudia.
Mdomo nimeufunga, jasho linaniingia machoni,
nikasikia sauti ya kiyoyozi inatoka puani mwangu.
Mmmm.
Ileile. Miaka kumi na moja, nisiijue?
Wakaiegemea. Mmoja, wawili, Heldur wa mwisho.
Waliimba mpaka mwisho, simu mkononi kama vibatari,
nami sikuthubutu kuvuta pumzi.

Sasa nina karatasi yangu.
Kijana wa mahesabu kaniandikia maneno kwa herufi kubwa.
Ipo moja imejitwika wimbi kichwani:
unafungua mdomo useme "u",
halafu unaghairi.
Bado inanishinda.
Kaarel karudi kutoka jangwani, vumbi nyusini,
kanikuta nimesimama mahali pake, akasogea.

Kodi nimewasamehe, mkate wao nimeupokea.
Mchungu, mzito, kama tofali la shamba.
Nikauchovya kwenye chai ya maziwa na hiliki.
Ukakubali.