Milimita Tano

Karina yangu ilikuwa na tabia moja:
ikifika kona ya tatu, ukishuka Newala kwenda Masasi,
inalala.
Inalala ubavu kama mgonjwa anayetafuta upande usiouma,
na mama, kiti cha nyuma, anashika mlango kwa mikono miwili
na kuanza kuwataja marehemu wa ukoo wetu mmoja mmoja,
akianzia kuumeni.

Kila mwezi, Ndanda, kliniki ya presha.
Nikawa najiambia: hiyo wanayoipima kule
nusu ni ya mama, nusu ni ya kona.

Fundi Mfaume aliingia uvunguni na tochi ya simu mdomoni,
akatoka na vumbi kwenye kope.
"Stebilaiza yako ya nyuma ni kikonyo cha bibo.
Milimita kumi na tano! Mbele nene, nyuma hakuna mtu.
Gari lina mabega, halina kiuno."

Akaniuzia ya milimita ishirini,
kutoka kwenye mzoga ulioko nyuma ya gereji,
unaoota mnavu palipokuwa na injini.
Sikuuliza wa nani.
Rangi ya maziwa, neno SUBIRA juu ya kioo kilichopasuka:
Nandonde, aliyezoea kunipita kwenye mteremko uleule
mkono mmoja nje, ukipunga.

"Chuma hiki kilimwacha mwenzangu," nikasema.
Mfaume akaendelea kupaka grisi kwenye bushi.
"Hakikumwacha. Breki alizimaliza mwenyewe
kabla chuma hakijaulizwa."

Nati tatu zilifunguka.
Ya nne ilikataa, ikamwagiwa dizeli, ikapigwa nyundo,
ikatukanwa kwa Kimakonde, ndipo ikatoka.

Akaishika ile ya Nandonde ncha zote mbili, akanieleza:
"Magurudumu ya nyuma ni ndugu wasiosemezana.
Hiki kinawasemezanisha. Huyu akitaka kuinama peke yake
anaambiwa, mngoje mwenzio.
Lakini huyu akitumbukia shimoni, na yule atashtuka.
Na mvua ikinyesha kwenye udongo ule mwekundu
usiingie kona kwa hasira:
mkia utataka kuja kuona mbele kuna nini."

Elfu sitini. Nikatoa thelathini,
thelathini nikasema korosho zikilipwa.
Akaandika ukutani kwa mkaa,
chini ya wengine wote wa korosho-zikilipwa.

Ile ya zamani Ludgera ameisimika uani,
anafungia kamba ya kuanikia.
Imepata kazi inayoiweza.

Jumanne tukashuka.
Kona ya kwanza sikusema kitu. Ya pili sikusema kitu.
Ya tatu nilipunguza mwendo vilevile, mazoea,
na gari halikulala.
Liliegemea kidogo tu,
kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto,
kisha likasimama wima na kuendelea na safari zake.
Nikatazama kioo.
Mama alikuwa anamenya chungwa,
ganda moja refu, linaning'inia, halijakatika.

"Leo umepita njia nyingine?"
"Ileile, mama."
"Muongo wewe."

Ndanda, muuguzi alipima. Akamwambia apumzike, akapima tena.
Akaandika namba zilezile za mwezi uliopita,
na pembeni akaongeza kidonge.
Nikakaa kwenye benchi, funguo mkononi.
Kumbe yote ilikuwa ya kwake.
Kona haikuwahi kuchukua hata robo.

Kurudi, bushi mpya zilikuwa zinalia, nyii, nyii,
Mfaume alisema zitanyamaza zikizoea.
Mama amelala, kichwa hakigongi kioo.
Kwenye kona ya tatu, pale nyasi zilipoota upya
zikiwa fupi kuliko wenzao,
nilitoa mkono nje, mmoja,
nikapunga,
nikaurudisha upesi kwenye usukani.