Geti la Pili

Kopi hamsini. Rangi mia tano.
Kufunga kwa waya, elfu moja na nusu.
Bango niliandika mwenyewe, wino ukachuruzika kwenye sifuri.
Nipo geti la pili, njia ya Mikanjuni:
chuo mbele yangu, umeme nyuma yangu,
wa kuazima kwa muuza juisi ya miwa.

Mimi humo sikusoma.
Hisabati ya kidato cha nne ilinishika shati mlangoni.
Ila Novemba, wakifungua,
nchi nzima hulala kifudifudi kwenye kioo changu,
cheti kwa cheti,
taa ikipita chini yao kama mtu atafutaye shilingi uvunguni,
nami nasoma.

Mbuke Shigela, Maswa.
Athumani Nandonde, Newala.
Hidaya Faki, Micheweni, picha ya pasipoti imekatwa kwa wembe butu.
Kokuhirwa, Muleba, aliyeniuliza
kama maji ya Tanga yana chumvi au ni ulimi wake.

Watu hutusema: Tanga, waja leo, waondoka leo.
Hawa waja leo na ndoo na godoro la inchi nne,
waondoka baada ya miaka mitatu
na baiskeli kuukuu isiyo na breki
na lafudhi yetu, kidogo, kwenye ncha ya ulimi.

Tumsifu Mwasongole haoni.
Yeye hanunui karatasi, hununua sauti.
Anaweka simu mezani, namsomea,
jioni tatu kwa wiki, mashine ikipoa.
Hivyo nimefika mwaka wa pili wa sosholojia
bila kujiandikisha.
Siku moja nilibishana na kitabu.
Akasema, "Soma tu, kaka. Kubisha ni kwenye mtihani."

Halafu akaja Paskalina, wa Mbulu.
Tluway.
Orodha ya mkopo imemwandika Taluway.
Kompyuta nayo ni Mswahili:
ilipoziona t na l zimebanana
ikatia a katikati,
kama mama atiaye mto kati ya watoto wagomvi.
Kwa a hiyo moja hakuna ada, hakuna pesa ya chakula.
Aape mbele ya wakili kwamba yeye ndiye yeye.
Muhuri, elfu kumi.

Wakaja chumba kizima.
Hao hao wiki iliyopita walinunua kwangu manila
waandike zamu za kupika,
baada ya kununiana siku tisa kwa harufu ya dagaa.
Mbuke ana noti.
Hidaya ana sarafu, kwenye kopo la maziwa ya unga.
Kokuhirwa hana kitu, ana mdomo;
akaenda kwa wakili na mdomo huo, ikawa elfu sita.

Nikatoa kopi. Kiapo, cheti, kitambulisho, mara nne nne.
"Lenyewe hasa linasemwaje?"
Akanionyesha: ulimi juu, kama unataka kusema t,
kisha usiseme,
achia pumzi itoke pembeni, kwenye mashavu.
Nikajaribu.
Muuza miwa akauliza nani anafukuza paka.
Hidaya akacheka hadi akakaa juu ya rimu zangu za karatasi.
Nikajaribu tena. Mate tu.

Mkopo ulikuja mwezi wa pili, nusu.
Nusu nyingine bado inaapa mahali.

Kopi zikiharibika situpi.
Migongoni mwake ndimo ninamoandika madeni.
Lile la juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, taratibu:
Tluway, kopi kumi na mbili, mia sita.
Hajalipa.
Hakuna a.